Kibao cha Afande na Chai ya Mama

Harufu ya tapentaini hunichafua roho mpaka leo. Ikinipata sokoni, mahali mtu anapopaka rangi mlango wa duka lake, nanuna kabla sijajua nanunia nini. Wenzangu wakikumbuka utoto hukumbuka mvua ya kwanza juu ya vumbi, au mahindi yanayochomwa. Mimi nakumbuka tapentaini iliyochanganyika na harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wamasaba huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Mama anakoroga chungu upande huu, baba anakoroga kopo la rangi upande ule, upepo wa kutoka mlima Wanale unavileta vyote viwili puani mwangu, na chakula chote kinakuwa na ladha ya mlango mpya. Ndivyo ulivyoanza msimu ninaotaka kuueleza. Sikusoma sana, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Atakayechoka apumzike, kisha arudi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sisi tulizaliwa kambini Jinja, kwa sababu baba alikuwa askari. Yeye ni Msoga wa Budondo, mama ni Mmasaba wa Mbale, na majirani zetu walikuwa watu wa kaskazini na wa Teso ambao hawakujua lugha ya baba wala ya mama. Kwa hiyo Kiswahili tulikinywa pamoja na uji. Jumamosi mama alinituma Wanyange kununua mukene, wale dagaa wa ziwani, nikarudi na kapu kichwani na paka wa kambi nzima nyuma yangu. Maisha yalikuwa yamenyooka. Kengele ililia, tukaamka. Kengele ililia, tukalala. Kisha askari wengi wakapunguzwa jeshini, na baba akawa mmoja wao. Alikuja nyumbani na sanduku lake la bati, makopo mawili ya rangi, na uso ambao haukujua pa kutazama. Nyumba ya kambi ikapewa mwingine. Mama akasema, twendeni kwetu Mbale, huko najua kupika na watu wanajua kula. Tukapanga vyumba viwili Namakwekwe, cha mbele kikitazama barabara yanayopita malori, na mama akasema hicho cha mbele ndicho hoteli.

Baba alikubali, ila aliweka sharti, maana mtu aliyezoea amri hawezi kukubali jambo bila kulifunga kamba. Dada yake, Shangazi Tapenesi wa Budondo, alikuwa anataka msichana wa kumsaidia kuteka maji, kupalilia na kubeba watoto. Baba akasema, “Likizo ya shule ikiisha na hoteli haijasimama, Mutesi anaenda kwa shangazi yake. Siwezi kulisha midomo yote hii kwa matumaini.” Mutesi ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Mama aliendelea kuchambua mchele, lakini niliona anatupa mchele na kubakiza mawe. Nilikuwa sijawahi kulala mbali naye hata siku moja. Shangazi nilimwogopa kama watu wanavyoogopa radi, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu hukujua itapiga saa ngapi. Kwa hiyo mtu akiniambia kibao ni kitu kidogo, kipande cha bati chenye maandishi, namtazama tu. Mimi kibao kilishika kamba ya maisha yangu.

Sasa nieleze hicho kibao, na hapa ndipo damu yangu huanza kuchemka. Baba alisema hoteli bila kibao ni kama askari bila kofia. Sawa. Mama akataka kumwita Wekesa, fundi wa vibao, Mkenya wa upande wa Bungoma aliyekuwa amepanga chumba nyuma yetu na ambaye alichora nyuma ya malori na mbele ya maduka. Baba akakataa. “Nimepaka kambi nzima mimi. Nitashindwa na bati moja?” Akachukua bati, akalipaka kijani cha kambi, kile kijani kizito kisicho na furaha. Juu yake akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa tupu, zote za kimo kimoja, zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Akaandika kila kitu ambacho mama aliwahi kupika tangu aolewe: chai, uji, posho yaani ugali, maharagwe, matoke, malewa, mukene, chapati. Nafasi ilipobaki, hakuweza kuvumilia kuiona imekaa bure, akaongeza maagizo: usiteme mate, usipige kelele, lipa kabla ya kuondoka. Chini kabisa akachora mshale. Kisha akasimika nguzo mbili, akazipaka mistari myekundu na myeupe kuanzia chini mpaka juu, akarudi nyuma hatua chache, akasimama mikono mgongoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke Jinja.

Ni lazima msomaji aelewe nguzo zile. Miaka hiyo, mtu akiona nguzo za mistari myekundu na myeupe barabarani, alijua ni lango la kambi au kizuizi cha askari. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye kofia aliivua. Ulisukuma baiskeli yako polepole, macho chini, mpaka uvuke, ndipo upande tena na kukumbuka kupumua. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tena maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili, na kwa watu wengi wa nchi yetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, lugha iliyowahi kugonga mlango wakati ambao mgeni mwema hagongi. Sisi tulikiona ni lugha ya uji. Wao walikiona ni lugha ya amri. Mume wa mama yangu akachukua kijani cha kambi, wekundu wa hatari, nguzo za kizuizi na Kiswahili cha herufi kubwa, akaviweka mbele ya sufuria ya chai, halafu akakaa kungoja wateja.

Wateja! Nilikaa mlangoni nikiwahesabu watu waliotukimbia mpaka nikachoka kuhesabu. Wanawake waliotoka sokoni walivuka barabara kabla hawajatufikia. Wanaume wa baiskeli walishuka, wakavua kofia, wakasukuma, wakapita wakinong'ona salamu: “Mulembe, afande,” bila kumtazama mtu. Mzee mmoja alisimama mbele ya mama, akatoa karatasi zake zote mfukoni, akamwonyesha moja moja. Mama alikuwa ameshika mwiko. “Baba yangu,” alimwambia kwa Lumasaba, “mimi nauza chai.” Mzee akashukuru sana kwa kuruhusiwa kupita, akaenda zake. Baba aliyaona haya yote na bado akasema, “Unaona? Wana adabu. Kibao kinafanya kazi.” Mama aliweka mwiko chini taratibu, akaingia ndani, nikamsikia akizungumza na ukuta.

Mtu pekee aliyekula kwetu alikuwa yule Wekesa, naye alikuja kwa sababu alipita mlango wa nyuma na hakulazimika kukisoma kibao. Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na majivuno kama jogoo, hakumaliza kazi aliyoianza, na neno lake kuu lilikuwa “kesho.” Alikunywa chai akikitazama kibao cha baba na kucheka mpaka chai inampalia. Nikamkasirikia. Nikamwambia kama anajua kuliko baba aseme, kucheka hata fisi anajua.

“Wewe mtoto wa afande una mdomo,” akasema. “Njoo.”

Akanivusha barabara, akanisimamisha ng'ambo, akaniambia nifinye macho mpaka kope zikaribie kugusana. “Sasa usisome. Tazama tu. Unaona nini kwanza?”

“Kijani.”

“Halafu?”

“Kitu chekundu kinatambaa.”

“Chai iko wapi?”

“Siioni.”

“Basi na mwenye kiu haioni. Yeye ako juu ya lori, na lori haifinyi macho, inakimbia tu.”

Alinifundisha siku zile, kama kutukanwa ni kufundishwa. Alisema nyekundu na kijani uzito wao ni mmoja, ukiweka moja juu ya nyingine zinapigana, na mtazamaji ndiye anayeumwa kichwa. Weka nyeusi juu ya nyeupe, au nyeupe juu ya nyeusi, jicho litapumzika. Alisema maneno yote yakiwa na sauti moja ni soko, si mwito. Neno moja liite, mengine yangoje zamu. Alisema usibananishe herufi na ukingo, hata ng'ombe anahitaji mahali pa kugeuka. Alinionyesha kupaka uzi mkaa, kuuvuta juu ya bati na kuuachia upige, ili mstari ukae sawa na herufi zipate pa kusimama. Na nafasi tupu, akasema, si uvivu. “Baba yako akiona nafasi anaweka askari,” alisema. “Nafasi ndiyo inafanya neno lionekane. Hii umesikia?” Nikasema nimesikia. Akairudia mara ya pili na ya tatu, kana kwamba masikio yangu yalikuwa ya kuazima. Nilipomwomba aje akipake upya, akasema hawezi kugusa kibao cha afande bila afande kumwita, yeye si mgonjwa wa akili. Hapo alisema kweli.

Nikaenda kwa baba. Nilimwambia kwa heshima zote, nimepiga magoti, kwamba kibao hakisomeki na nguzo zinawatisha watu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonipa moyo bure, kisha akasema, “Mutesi, kibao ni amri. Amri haiombi radhi.” Mama naye akajaribu kwa njia yake. Akafunika nguzo moja kwa kanga. Baba akaitoa, akaikunja vizuri, akamrudishia. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na baba yangu, ambaye macho alikuwa nayo na bado hakuona. Siku zikaenda. Chai ikamwagwa, posho ikaliwa na sisi wenyewe asubuhi na jioni mpaka tukaichukia. Likizo ikakaribia mwisho, na Shangazi Tapenesi akafika kutoka Budondo na begi tupu. Begi tupu! Alikuja nalo kwa ajili ya nguo zangu. Akaliweka kando ya mlango, akakaa, akaomba chai, akaitazama hoteli isiyo na mtu, akasema, “Kaka yangu amefungua kituo cha polisi?”

Alasiri ya siku hiyohiyo mambo yakageuka. Baba alikuwa ameazima baiskeli ya jirani kwenda mjini kuulizia kazi ya ulinzi. Sisi tulikuwa mbele ya hoteli: mama na mwiko wake, shangazi na kikombe, Wekesa ukutani akijifanya anakausha brashi, na mimi nikikunja nguo zangu chache kama nilivyoagizwa. Tukamwona baba akija, jua usoni, amechoka, mawazo mbali. Akakaribia nguzo zake. Na mguu wake, wallahi, mguu wenyewe, bila yeye, ukashuka kwenye pedali. Akashuka kwenye baiskeli. Akavua kofia. Akaanza kusukuma polepole, macho chini, akipita mbele ya kibao alichokipaka kwa mkono wake, mbele ya mlango wa mke wake.

Ni mama aliyefungua kinywa, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko siku zote.

“Afande, unampigia nani saluti? Bendera iko jikoni?”

Baba akasimama. Akaitazama kofia mkononi mwake kama mtu aliyekuta mkono wa mwingine ndani ya mfuko wake. Akatazama nguzo. Shangazi Tapenesi, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akaanza kucheka kutoka tumboni, chai ikamwagikia gauni, akawa anapiga paja na kusema, “Kaka, pita! Pita, umeruhusiwa!” Wekesa alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwogopa na kumhurumia kwa wakati mmoja, na moyo wangu haukujua uegemee wapi. Mazoea yana taabu. Miaka yote ile ya kambi ilikuwa imekaa ndani ya magoti yake, na sisi tulikuwa tunabishana na mdomo.

Baba akasema, “Nani ameweka kizuizi hapa?”

Mpaka leo sijui kama alitania. Hakutabasamu. Aliegemeza baiskeli, akaenda kuleta nyundo, akang'oa kibao, akang'oa nguzo, akakilaza kibao chini miguuni pangu. “Andika unavyojua,” akaniambia. “Usiniulize kitu.” Akaingia ndani na kurudishia mlango.

Unadhani tabu iliisha hapo? Wekesa akasema tutaanza kesho, na kesho yake alfajiri akadandia lori la kwenda Malaba, tusimwone mpaka mwezi mwingine. Aliacha brashi moja, kopo la nyeupe na kidogo cha nyeusi. Nilipaka nyeupe mara mbili kukizima kile kijani. Nikapiga uzi wa mkaa. Nikataka kuandika neno moja tu, CHAI, kubwa, peke yake, katikati ya weupe, maana neno hilo Mmasaba analielewa, Msoga analielewa, Mteso analielewa, na dereva wa Kenya analielewa hata akiwa amelala. Chini yake, kwa herufi ndogo, Kwa Mama Mutesi. Basi. Na sasa mama, mama yuleyule aliyezungumza na ukuta kwa sababu ya maneno mengi ya baba, akasimama juu yangu na kusema, “Na malewa?”

“Hapana, mama.”

“Na posho yangu nimpikie nani? Weka posho hapo pembeni, kadogo. Na mukene. Nafasi yote hiyo unaiachia nani?”

“Akikaa kunywa chai ataiona posho, mama. Ataisikia harufu yake.”

“Huyu mtoto ananificha chakula changu!” Akamgeukia shangazi apate shahidi. Mtaka yote hukosa yote, nilitaka kumwambia, lakini mtoto hampi mama yake methali. Sauti ya baba ikatoka ndani, nyuma ya mlango, fupi kama zamani: “Mama Mutesi, acha fundi afanye kazi.” Mama akarudi kwenye chungu chake. Mimi nikaendelea, shingo imekaza, na herufi ya mwisho ikaegemea kidogo upande wa mlima. Iliegemea hivyo miaka yote.

Tulikitundika ukutani, bila nguzo. Shangazi alikaa kungoja, begi lake bado liko mlangoni. Asubuhi ya kwanza mwanamke wa sokoni akapita karibu, hakuvuka barabara. Mwenye baiskeli akapita bila kushuka, akageuza shingo, akarudi. Mchana lori likapunguza mwendo, likapiga breki vumbi likatufunika, na dereva akachungulia dirishani: “Mama, hiyo chai iko ya maziwa?” Mama akasema iko. Akashuka na utingo wake, wakanywa, wakasikia harufu ya karanga, wakauliza kuna nini kwenye chungu kile. Mama alinitazama juu ya vichwa vyao, akanikunjia uso ili nisijione mshindi. Wiki haikuisha shangazi akalichukua begi lake, mama akalijaza malewa makavu, na Shangazi Tapenesi akarudi Budondo nayo badala yangu, akinung'unika njia nzima ya kwenda kituoni kwamba mtoto wa kuandikaandika mabati angemsaidia nini shambani.

Nilibaki na mama. Hilo ndilo nililolitaka na nililipata, sitasema uongo. Ila hoteli ilipojaa, jiko likataka mikono, na mikono iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Mwaka uliofuata sikurudi shuleni. Hakuna aliyetoa amri safari hii. Ilitokea tu, sufuria baada ya sufuria. Kibao kiliniokoa na majembe ya Budondo, kikanifunga kwa moshi wa Namakwekwe. Baba akawa mlinzi wa ghala, akaja kunywa chai jioni kama mteja mwingine, na kila alipopita chini ya kibao alikaza macho mbele, asikitazame.

Leo naandika haya nikiwa Budondo. Ndiyo, Budondo ileile. Niliolewa huku, na shangazi nilimzika kwa mikono yangu. Nimeshakuwa nyanya. Kitindamimba wangu amesoma chuo, anatengeneza mabango ya harusi na ya mazishi kwenye kompyuta, na mjukuu wangu hunionyesha kazi hizo kwenye simu. Mungu anisamehe. Rangi zote za soko la nguo, maua pembe zote nne, aina za herufi kama wageni wasiojuana, jina la marehemu limebanwa kati ya namba za simu na picha ya njiwa. Namwambia mwanangu, finya macho, unaona nini kwanza? Ananijibu, “Mama, watu wanataka vitu vingi, na nafasi ipo.” Nafasi ipo! Afande amefufuka. Baba alikuwa na makopo mawili tu ya rangi na bado alituharibia. Huyu ana rangi zisizo na mwisho na hana wa kumshusha kwenye baiskeli.

Kibao cha chai nilikuja nacho mama alipofariki. Nimekifanya mlango wa banda la kuku. Weupe wangu ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, jua na mvua vimeubambua, na chini yake kijani cha kambi kimeanza kutoka, na ule wekundu wa baba, herufi kubwa kwa herufi kubwa, katikati ya herufi zangu. Vijana wa boda boda huja kununua mayai, wanasimamisha pikipiki mpaka mdomoni mwa banda, injini inanguruma, hawaoni kitu. Kwao ni bati. Lakini msimu uliopita alikuja mzee mmoja wa umri wa baba, anaendesha baiskeli polepole kupitia uani kwangu. Alipokaribia banda la kuku alishuka, akavua kofia, akasukuma. Nilimwita, nikamwambia, “Mzee, panda tu, hapa ni kwa kuku.” Akaitazama kofia yake mkononi, kisha akanitazama mimi, na sikuwa na nguvu ya kucheka. Nikamwekea chai.